Mlolongo, Sanduku na Simba

Historia ya upigaji kura katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, kuanzia mpakani Suam hadi Kitale, Kimilili na Malakisi, huwa wazi zaidi msomaji anapotenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa: rai ya umma, yaani yale ambayo watu huyaamini na kuambiana; kura, ambayo ni njia ya kuihesabu rai hiyo; na chama, ambacho ni chombo kinachodai kuibeba hadi serikalini. Katika nchi hiyo rai ilitangulia kura kwa miaka mingi, na kura zilipokuja hazikuihesabu rai hiyo kwa uaminifu kila mara.

Wabukusu walikuwa na mahali pa kusemea mambo ya umma kabla ya kuwapo kituo chochote cha kupigia kura, hasa kumuse, hotuba ya baada ya mazishi ya mtu mwenye heshima, ambayo msemaji aliyebobea huitumia kueleza asili za koo na kuwaonya walio hai. Serikali ya kikoloni haikuwa na sikio la kusikiliza rai ya namna hiyo. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilipowataka Wazungu waondoke, jibu lilikuwa risasi za polisi huko Malakisi mnamo Februari 1948, kisha marufuku, na Masinde mwenyewe akawekwa kizuizini hadi 1961.

Waafrika wa Kenya walipopewa nafasi ya kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957, kura haikutolewa kwa kila mtu wala kwa usawa, kwa kuwa sheria ilimpima mpiga kura kwa elimu, kipato, mali na utumishi, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu, huku jirani yake akikosa hata moja. Hata kwa kipimo hicho kilichopinda, Nyanza Kaskazini ilimchagua Masinde Muliro, mwalimu mzaliwa wa Kimilili aliyesomea Chuo Kikuu cha Cape Town, na kumwacha W. W. W. Awori aliyekuwa tayari katika baraza.

Muliro alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha KADU mwaka 1960, pamoja na Ronald Ngala na Daniel arap Moi. KADU ilikuwa muungano wa jamii zilizohofia kumezwa na chama kikubwa cha KANU, na dawa yake ilikuwa majimbo, yaani mfumo wa kuigawa nchi katika sehemu zenye mamlaka yake. Dawa hiyo ilikuwa na sumu ndani yake, kwa sababu kugawa majimbo ni kuchora mipaka, na mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yalidaiwa na Wabukusu na Wakalenjin, ambao viongozi wao walikaa katika chama kimoja. Mipaka ilipochorwa, Trans Nzoia iliwekwa Bonde la Ufa, ilhali Wasabaoti wa Elgon, waliotaka kwenda huko, walibakizwa Magharibi. KADU ilijivunja Novemba 1964, lakini mpaka ulibaki, na ugomvi wake ukabaki nao.

Miaka ya chama kimoja haihitaji maelezo marefu, isipokuwa kwa tukio la 1975, Muliro alipofukuzwa uwaziri baada ya kupiga kura dhidi ya msimamo wa serikali kuhusu ripoti ya mauaji ya mbunge J. M. Kariuki. Mwaka 1982 katiba yenyewe ilibadilishwa ili KANU iwe chama pekee kwa mujibu wa sheria.

Kilele cha mfumo huo kilikuwa mlolongo wa 1988. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU, kura ya siri iliondolewa, na wanachama wakatakiwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au ya wakala aliyeshika picha yake, kisha ofisa akawahesabu kwa vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, pasipo haja ya sanduku. Uzito wa jambo hili waliujua zaidi waliosimama uwanjani. Kibarua wa shamba la mahindi alimwona mwajiri wake katika foleni nyingine, chifu akapita akitazama nani yuko wapi, na mwenye duka anayekopesha unga na sukari akamwona mdeni wake vizuri kabisa. Kote nchini kulikuwa na malalamiko kwamba foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Kura ya siri ikiibwa, mwizi huweza kusema hakuna aliyeona. Mlolongo uliibwa mbele ya macho ya watu, na hilo ndilo lililowakasirisha zaidi. Miongoni mwa maaskofu walioupinga alikuwa Alexander Muge wa Dayosisi ya Anglikana ya Eldoret.

Marekani, ambayo wengi huichukulia kuwa chuo cha demokrasia, nayo ilipitia njia hiyo. Katika jimbo la Kentucky wapiga kura waliendelea kutaja mbele ya watu jina la wanayemtaka hadi 1891, na kwingineko vyama vilichapisha vyenyewe karatasi za kura, mara nyingi za rangi iliyotambulika kwa mbali, hivi kwamba wakala wa chama alijua kila mtu ametumbukiza nini. Massachusetts ilipitisha sheria ya karatasi moja inayochapishwa na serikali na kuwekewa alama faraghani mwaka 1888, yaani miaka mia kamili kabla ya Kenya kuwatoa watu wake katika faragha hiyo na kuwapanga uwanjani.

KANU iliuacha mlolongo kufikia mwisho wa 1990, lakini hasira haikwisha. Agosti 1991 wazee sita, wakiwemo Oginga Odinga, Martin Shikuku na Muliro, walitangaza FORD kama jukwaa la kudai vyama vingi, na sita hawakuwa idadi ya kubahatisha, maana sheria ya vyama iliwahusu watu kumi au zaidi. Kidole kimoja kilichoinuliwa kilikuwa alama ya KANU; vidole viwili vikawa jibu, na mtu aliweza kutoa rai yake akiwa kwenye matatu bila kufungua kinywa. Desemba mwaka huohuo chama kimoja kiliondolewa katika katiba. Wakati huohuo mapigano ya kikabila yaliyoanzia Nandi yalifika Trans Nzoia na Mlima Elgon, na maelfu waliofukuzwa makwao walifukuzwa pia kutoka vituo walivyoandikishwa kupigia kura.

Muliro alifariki Agosti 14, 1992, alipokuwa akirejea kutoka London, na FORD ikapasuka kabla ya uchaguzi wa Desemba. Rais Moi, ambaye sasa alikuwa wa KANU, alishinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura, kwa kuwa waliompinga walizigawana zilizobaki. FORD-Kenya, yenye alama ya simba, ilipata wabunge 31, wakiwemo Michael Wamalwa Kijana wa Saboti na Mukhisa Kituyi wa Kimilili. Oginga Odinga, mwenyekiti wake, alipofariki Januari 1994, uenyekiti ulimwendea Wamalwa. Baadaye Raila Odinga, mwana wa Oginga, akahama na wafuasi wake, na simba akabaki mnyama wa Bungoma na Trans Nzoia. Mwaka 1997 Wamalwa alipata takriban asilimia 8 ya kura za urais.

Hapa pana tofauti na Marekani inayostahili kuangaliwa. Nchi zote mbili hutumia kanuni ileile ya mshindi mmoja kwa kila eneo la ubunge, ambayo wataalamu wengi husema huzaa vyama viwili vikubwa. Kenya ilizaa vyama vya maeneo, vinavyoungana kabla ya uchaguzi na kuachana baadaye. Sababu kubwa ni kwamba chama kilijengwa juu ya mtu anayeaminika kwao, na mtu huyo ndiye aliyebeba kura za kwao kwenda kuzifanyia mapatano Nairobi. Ni kwa mapatano ya aina hiyo kwamba Wamalwa alikuwa Makamu wa Rais mwaka 2003, kwa miezi michache hadi kifo chake.

Hata hivyo, wapiga kura hawakuwa mali ya simba. Agosti 2022 Bungoma ilimchagua Kenneth Lusaka kuwa gavana kwa tiketi ya FORD-Kenya, ilhali Trans Nzoia, iliyokuwa ngome ya Muliro na Wamalwa, ilimpa ugavana George Natembeya wa chama cha DAP-K, na FORD-Kenya ikashindwa Kitale.