Jiwe la kilo na joto la mawingu

Nilipotea kidogo, semina zimenibana mbaya.

Jumamosi nilishuka Kariakoo kununua mchele wa geto. Kabla muuzaji hajaweka kitu, nikaona mshale wa mizani umeshapita sifuri. Nikamwambia, "Kaka, mizani yako imetangulia." Akacheka, akaweka jiwe la kilo. Ikasoma kilo moja na kama gramu 50 hivi. Akanipunguzia bei, yakaisha.

Kwenye mwendokasi nikawa nawaza setilaiti za hali ya hewa, maana ndiyo project yangu. Shida ni ile ile, ila mizani yake iko kilomita 36,000 juu, na nani atapeleka jiwe huko?

Meteosat ya kwanza ilirushwa Novemba 1977, ikasimama juu ya Ghuba ya Guinea ikiitazama Afrika nzima. Kifaa chake cha infraredi kinapokea mionzi ya joto: wingu likiwa baridi sana, kilele chake kiko juu, huenda kuna mvua. Lakini kifaa hakitoi nyuzi, kinatoa namba tu. Kuzigeuza unahitaji sifuri, ambayo ni anga tupu, na kitu ambacho joto lake unalijua. Cha pili kiliwekwa humo humo ndani, kitu cheusi chenye joto linalopimwa. Kumbe kilikaa nyuma ya vioo vya mbele vya darubini! Vioo vyenyewe havikupimwa. Barafu nayo ikawa inaganda kwenye sehemu za baridi na kupunguza mionzi.

Ikabidi kwa miaka mingi jiwe la kilo liwe bahari, yaani joto la maji lililopimwa na meli na maboya. Ila unyevu wa hewani unameza sehemu ya mionzi, kwa hiyo unakadiria tena. Kila kadirio na shaka yake (wa fizikia mnajua, zinajumlishwa kwa miraba).

Sasa njoo Jangwani, hatua chache kutoka sokoni, palipofurika Desemba 2011. Watu wanauliza kama mvua zimeongezeka kuliko za miaka ya 80. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading hukadiria mvua ya Afrika kwa saa ambazo wingu limekuwa baridi kuliko kiwango fulani. Wingu lililo jirani na kiwango, nyuzi moja tu inaliingiza au kulitoa. Na tangu 1977 setilaiti zimebadilishwa mara kibao. Unaweza kusema hali ya hewa imebadilika, kumbe ni mizani.

Ndiyo maana 2005 Shirika la Hali ya Hewa Duniani na wenzake walianzisha GSICS, mpango wa kulinganisha setilaiti zenyewe kwa zenyewe. Metop-A iliporushwa 2006 ikiwa na kifaa makini cha IASI, ilipita chini ya Meteosat, zote zikaangalia sehemu moja muda mmoja. Moja ikawa jiwe la mwenzake. Data za zamani nazo zikaanza kusahihishwa.

Mwenye rekodi za vipima mvua vya Dar za miaka ya 80 anitafute, supavaiza anazitaka kabla ya Ijumaa. Mchele ulikuwa mzuri, kwa wanaouliza.