Kalamu ya Kadhi na Kalamu ya Mwanawe: Sheikh Al-Amin Mazrui na Ali Mazrui

1. Utangulizi

Waswahili husema: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii humpa mzazi haki na pia humtwika wajibu, kwani mtoto asiyekunjwa mapema hatakunjika tena. Hata hivyo, methali haielezi jambo gani hutokea pale ambapo mzazi anafariki kazi ya kumkunja mwana ikiwa bado haijakamilika, wala pale ambapo mwana, baada ya kukua, anashika njia ambayo hakuna aliyemtazamia kuishika.

Suala hili linajitokeza wazi katika historia ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa. Baba, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu na Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwana, Ali Al-Amin Mazrui (1933-2014), alikuwa mtaalamu wa siasa aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Afrika na Marekani, na aliyewaudhi watu wa kila upande kwa maoni yake. Ni rahisi kuwaeleza wawili hawa kama watu waliopingana: baba mkali mwenye kushika mapokeo, na mwana aliyeyatupa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Tabia ya mwana ya kwenda kinyume na mkondo ilikuwamo tayari katika nyumba ya baba. Kilichobadilika hasa ni lugha ya kalamu, na pamoja na lugha hiyo walibadilika wasomaji.

2. Mapokeo ya ukoo

Wamazrui waliitawala Mombasa kwa takriban karne nzima, hadi mwaka 1837 walipong'olewa na Seyyid Said. Baada ya kupoteza utawala, baadhi yao walijipatia heshima kwa njia ya elimu. Babake Sheikh Al-Amin, Sheikh Ali bin Abdallah (1825-1894), alikuwa miongoni mwa wanachuoni hao. Aliwavuta Maibadhi katika madhehebu ya Sunni, jambo lililomkasirisha Sultani Barghash wa Unguja, ambaye mwenyewe alikuwa Ibadhi. Sheikh alitiwa gerezani, akafunguliwa baada ya Barghash kufariki mwaka 1888.

Kwa hiyo, mapokeo ambayo Sheikh Al-Amin aliyarithi hayakuwa mapokeo ya utiifu mtupu. Yalikuwa ni mapokeo ya mtu anayesema analoliamini hata mbele ya mwenye nguvu. Yeye mwenyewe hakulelewa na babake, kwani alifiwa naye akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akajiongezea elimu Unguja kwa wanachuoni wakubwa wa zama hizo, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir.

3. Ukali wa baba

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Sahifa. Mwaka 1932 alianzisha jingine, Al-Islah, lililoandikwa kwa Kiarabu na Kiswahili. Mwaka huohuo akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Baadhi ya makala ya Sahifa yalikusanywa na kupigwa chapa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Ndani ya makala hayo ukali wake unaonekana bila kificho. Aliwakemea Waislamu wa pwani walioiga mavazi na starehe za Wazungu, waliopuuza Kiarabu, na waliozama katika uvivu na ubadhirifu huku wakijivunia nasaba. Mtu anayesoma sehemu hiyo peke yake atamwona mzee anayeyalilia mambo ya kale. Lakini Sheikh hakukomea hapo. Alikuwa msomaji wa jarida la Al-Manar lililotolewa Misri na Rashid Rida, na aliathiriwa na mawazo ya Muhammad Abduh na ya Jamal al-Din al-Afghani. Kwa hiyo alizikemea vilevile desturi ambazo wazee wenziwe waliziona kuwa ndiyo dini yenyewe, naye aliziita bidaa. Alihimiza elimu ya kisasa, alitetea kusomeshwa kwa wasichana, na aliwaeleza wenzake kwamba kurudi kwao nyuma kulitokana na makosa yao wenyewe kabla ya kutokana na hila za wakoloni.

Ni dhahiri basi kuwa ukali wake ulikuwa na nyuso mbili. Kijana aliyetaka kuwa Mzungu aliupata, na mzee aliyetaka pasibadilike kitu aliupata pia. Mtu wa namna hii huitwa mhafidhina na wengine, na mzushi na wengine, kwa sababu moja tu: hapimi jambo kwa kuangalia nani analipenda.

4. Njia ya mwana

Ali alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Babake alikusudia asomee dini na aende Al-Azhar, Cairo, ili arithi elimu ya ukoo. Pamoja na kusudio hilo, mtoto aliingizwa katika shule ya serikali ya Waarabu mjini Mombasa, alikojifunza Kiingereza. Yafaa kusisitiza jambo hili: mlango ambao mwana aliupitia baadaye ulifunguliwa wakati baba angali hai na mwenye amri nyumbani.

Sheikh alifariki mwaka 1947. Ali alikuwa na miaka 14. Safari ya Cairo haikufanyika. Katika mtihani wa kumaliza shule ya sekondari alipata daraja la tatu tu, ambalo halikumwezesha kuingia chuo kikuu, akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu hapo Mombasa. Kilichomtoa katika ukarani ni hotuba. Katika sherehe za kuzaliwa kwa Mtume alizungumza juu ya Mtume Muhammad mbele ya Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, na Gavana akavutiwa naye. Kutokana na mkutano huo njia ya kupata msaada wa masomo ilifunguka. Alikwenda Huddersfield, kisha Manchester alikopata shahada mwaka 1960, halafu Columbia, New York, mwaka 1961, na mwisho Oxford alikopata udaktari mwaka 1966. Mwana wa kadhi alifikishwa Uingereza na maneno aliyoyasema juu ya Mtume.

Tangu hapo maisha yake hayakufuata desturi ya ukoo. Mwaka 1962 alimwoa mwanamke Mwingereza. Kuanzia mwaka 1963 alifundisha siasa Makerere, Uganda. Mwaka 1966, Kwame Nkrumah alipokuwa ameshapinduliwa huku Waafrika wengi wakiendelea kumwona shujaa, alichapa katika jarida la Transition makala yaliyomlinganisha na mfalme wa Urusi mwenye itikadi ya Lenin. Wengi walikasirika. Mwaka 1973, utawala wa Idi Amin ulipozidi kuwa wa kutisha, aliondoka Uganda, na kuanzia mwaka 1974 alikuwa profesa Marekani.

5. Baba ndani ya mwana

Licha ya hayo yote, anayezisoma kazi za mwana kwa makini humwona baba. Riwaya yake pekee, The Trial of Christopher Okigbo, ya mwaka 1971, ni habari ya kesi. Mshairi Okigbo, aliyekufa mwaka 1967 akipigania Biafra, anashtakiwa katika ulimwengu wa wafu kwa kuitanguliza jamii yake mbele ya sanaa. Mwana hakuvaa kilemba cha kadhi, lakini alipotaka kutunga hadithi alitunga mahakama.

Mfano mkubwa zaidi ni mfululizo wa vipindi 9 vya televisheni, The Africans: A Triple Heritage, wa mwaka 1986. Humo Ali Mazrui alieleza kuwa Afrika ina urithi wa pande tatu: wa asili ya Kiafrika, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Hoja hiyo iliwaudhi baadhi ya Wamarekani walioona kuwa inaishambulia Magharibi, na baadhi ya Waafrika walioona kuwa inaupa Uislamu nafasi kubwa mno. Ndivyo ilivyokuwa kwa Sheikh katika miaka ya 1930, kushutumiwa na pande mbili kwa wakati mmoja. Tena pande zote tatu za urithi huo zilikuwapo Mombasa alikokulia Ali: mji wa Kiswahili, dini ya babake, na shule ya Mwingereza.

Wala mwana hakukana nasaba yake. Mmoja wa wanawe alimpa jina la babu, Al-Amin. Alipofariki Marekani mnamo Oktoba 2014 hakuzikwa huko; alirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus.

6. Hitimisho: suala la lugha

Tofauti kubwa baina ya wawili hawa basi haikuwa katika utiifu na uasi. Ilikuwa katika lugha. Sheikh, ambaye Kiarabu chake kilimwezesha kusomwa Cairo, alichagua kuwakemea watu wa Mombasa kwa Kiswahili. Wasomaji wake walikuwa majirani zake, nao waliweza kumjibu. Hata Kurani alianza kuifasiri kwa Kiswahili, kazi aliyoiacha haijakamilika. Ali alisomwa katika mabara yote, lakini kwa Kiingereza. Mwaka 1995 alitoa pamoja na jamaa yake, Alamin M. Mazrui, kitabu juu ya Kiswahili, dola na jamii. Nacho pia kiliandikwa kwa Kiingereza. Mwana aliupata ulimwengu, ila mzee wa Mombasa aliyeisoma Sahifa bila taabu hakuweza kumsoma mtoto wa Sheikh wake.

Jambo hili linawahusu pia wasomi wa Kongo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na ndicho kinachosemwa sokoni na nyumbani huko Lubumbashi, Bukavu na Goma. Lakini mihadhara na tasnifu za vyuo vikuu huandikwa kwa Kifaransa. Baba wengi wa Kongo wamewapeleka wana wao shuleni kama Sheikh Al-Amin alivyompeleka wake, na wana wamerudi na fikra mpya. Fikra mpya peke yake haimtengi mwana na nyumba yake, kwani huenda baba naye alikuwa nayo. Kinachomtenga ni kuisema fikra hiyo katika lugha ambayo aliyemlea hawezi kuisikia wala kuipinga.