Kibanga, kimbilio lililokuwa na bei

Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutoka Ubwari, mapadri Deniaud na Augier wa shirika la Mapadri Weupe waliuawa pamoja na msaidizi wao Mbelgiji, D'Hoop. Ugomvi ulizuka juu ya mtoto mmoja aliyekuwa mikononi mwa misheni. Majirani walimtaka, mapadri hawakukubali kumwachilia. Kwangu, historia yote ya makimbilio ya pwani yetu ya ziwa imo katika ugomvi huo: kimbilio hudumu pale tu mlinzi anapoweza kumkabili anayedai mtu wake.

Ulaya nako walilijua jambo hilo. London, mtaa wa Whitefriars ulijaa wadeni na wahalifu ambao askari hawakuthubutu kuwafuata, hadi sheria ya 1697 ilipoufuta ulinzi wake. Edinburgh, mdeni aliyeingia eneo la Holyrood hakukamatwa. Akivuka mpaka siku ya kazi alikuwa hatarini, lakini Jumapili alitembea mjini kwa amani. Kimbilio hilo lilipoteza maana mwaka 1880, Uskoti ilipoacha kuwafunga watu jela kwa sababu ya deni.

Mwaka huo huo, huku Ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walifungua kituo cha Mulweba, Masanze. Mwaka 1883 kikafuata Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, wakakiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao. Hapa aliyekimbiwa hakuwa mwenye duka mwenye daftari la madeni, bali mfanyabiashara wa watumwa. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, mji ule ulikuwa tayari soko la watumwa na pembe za ndovu, ukitegemewa na wafanyabiashara wa Ujiji. Miaka ya 1880 mwenye nguvu kaskazini mwa ziwa akawa Mohamed bin Khalfan, yaani Rumaliza.

Mapadri hawakungoja watu wabishe hodi. Walinunua. Watoto waliokombolewa kwa nguo na shanga walilelewa misheni, wakafundishwa dini na kilimo, kisha wakaozwa na kupewa viwanja katika vijiji vya Kikristo. Siwezi kuudharau wokovu huo: mtoto aliyenunuliwa Kibanga hakupakiwa mtumbwini kuelekea Ujiji. Lakini hakuwa na njia ya kurudi kwa mama yake, na shamba alilolima, ndoa aliyofunga na saa aliyoamka viliamuliwa na mwenye kituo. Anayestahili kuulizwa juu ya uhuru ni yeye, na kumbukumbu tulizoachiwa zimeandikwa zaidi na waliomnunua.

Pwani ya Mombasa bei ililipwa baadaye. Watumwa watoro waliokimbilia misheni ya Rabai waliishi miaka mingi wakihofia mabwana zao, mpaka Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alipowalipa mabwana hao fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwa maneno mengine, hata ukombozi ulikubali kwamba bwana alikuwa na haki ya kudai.

Kibanga hakukuwa na Mackenzie. Maradhi ndiyo yaliyokifunga, mwaka 1893. Watu wake wakachukuliwa kusini hadi Kirungu, kituo kipya kilichopewa jina la Baudouinville, wakaanza upya kufyeka na kujenga. Kisha, Januari 1894, majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakiongozwa na Dhanis yalimshinda Rumaliza.