Fimbo ya pool: matumizi ya -gumu, imara, thabiti na -dumu

fimbo nm [i-/zi-] 1. kipande cha mti cha kutembelea, kuchungia au kuchapia. 2. katika mchezo wa pool, kifaa kirefu chembamba cha mbao, chenye mpini mnene na ncha ya ngozi, kinachotumiwa kugonga mpira mweupe.

Tahajia. Magazeti ya Tanzania huandika pool kwa tahajia ya Kiingereza. Tahajia puli iepukwe katika maandishi rasmi, kwa kuwa mitaani neno hilo lina maana nyingine isiyofaa darasani.

Maelezo ya matumizi

1. -gumu. Sentensi “Fimbo hii ni ngumu”, ikisemwa kando ya meza ya pool mjini Tunduma, ina fasiri tatu: mbao yake haibonyei wala kukwaruzika kwa urahisi, fimbo hainyumbuki mchezaji anapogonga, au fimbo inamsumbua anayeitumia. Fasiri ya kwanza na ya pili ni sifa za kifaa. Ya tatu ni lalamiko. Mfasiri achague maneno yanayoondoa utata: mbao ngumu, fimbo isiyonyumbuka, fimbo isiyochezeka.

2. imara na thabiti. Imara hueleza kitu kisichovunjika wala kulegea: Kiungo cha fimbo hii ni imara. Thabiti hueleza kitu kisichobadilika: Fimbo imebaki thabiti tangu masika hadi kiangazi. Tofauti hii ina uzito katika Mkoa wa Songwe, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kisha hufuata miezi ya ukavu. Mbao hunyonya unyevu na kuupoteza, na fimbo inaweza kupinda bila kuvunjika. Fimbo ya namna hiyo ni imara, lakini si thabiti.

3. -dumu. Ya kudumu hubeba zaidi maana ya kutokuwa na kikomo: kamati ya kudumu, makazi ya kudumu. Kwa kifaa kinachokaa muda mrefu bila kuharibika, afadhali inayodumu au yenye kudumu. Aidha, kudumu hakumaanishi kuchezeka vizuri. Fimbo nzito iliyopinda inaweza kudumu miaka mingi, na bado isimfae mchezaji.

4. -chongesha. Kama mtu anavyoshonesha nguo kwa fundi, ndivyo anavyochongesha fimbo kwa vipimo vyake. Fimbo ya kuchongesha ni bora kuliko fimbo ya kuagiza, kwa sababu kuagiza hutumika pia kwa bidhaa inayoletwa kutoka nje ya nchi, hata kama imetengenezwa kiwandani kwa maelfu.

Tanbihi kwa wafasiri: mpingo

Kamusi nyingi hutafsiri mpingo kwa neno la Kiingereza ebony. Kibotania, mpingo ni Dalbergia melanoxylon, mti wa jamii ya kunde, ilhali ebony halisi ni miti ya jenasi Diospyros. Mbao zote mbili huweza kuwa nyeusi, na zote hutumiwa katika mipini ya fimbo za gharama. Kiini cha mpingo ni kizito kiasi cha kuzama majini. Ndiyo sababu hufaa katika mpini, unaohitaji uzito, huku sehemu ya mbele ikitengenezwa kwa mbao nyepesi zaidi zinazonyumbuka.

Kosa hili huvuka mipaka ya kamusi. Tangu Januari 2017, spishi zote za Dalbergia isipokuwa Dalbergia nigra zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tunduma inapakana na Nakonde ya Zambia, na tangu 2019 miji hiyo imekuwa na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Katika mazingira hayo, hati inayotaja ebony mahali pa mpingo inataja mti mwingine, na anayebeba mzigo ndiye anayeulizwa. Mfasiri aandike mpingo, kisha aongeze jina la kisayansi. Matini ya Kiingereza inapotaja ebony bila spishi, asiibadilishe kuwa mpingo kwa kukisia; amuulize mwenye matini, au aandike mbao nyeusi ngumu.

Linganisha: -nyoofu, -nyumbuka, -pinda, ubora, uimara.