Vilima Vilivyo Nyuma ya Kilwa

Mwulize mwanafunzi wa Tanzania akutajie milima ya nchi yake, naye hatakawia. Atataja Kilimanjaro, Meru, Usambara, Uluguru na Rungwe. Mwulize maziwa, naye atataja Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Lakini mwulize mtoto wa Lindi jina la kilima akionacho kutoka dirisha la darasa lake, na mambo yaliyotendeka juu yake. Hapo mara nyingi utamwona akiinamisha kichwa. Kosa si lake. Sisi tulio wakubwa ndio tuliomzoesha kudhani kwamba mlima hauwi mlima mpaka uwe na theluji, na kwamba kuitembelea nchi ni kwenda mbali na kwao.

Katika makala haya namwalika msomaji, hasa mwalimu na mwanafunzi wake, tufuatane katika nchi ya vilima iliyo nyuma ya mwambao wa Kilwa na Lindi. Nchi hiyo haina vilele virefu, wala maziwa yake hayaonekani sana katika ramani ndogo. Hata hivyo utumishi umenipeleka huko mara nyingi, nami kila nirudipo huwa na yakini ile ile: kwamba vilima hivyo ni kitabu cha historia ya wananchi wa kawaida, na kwamba kitabu hicho chaweza kufungika tusipokisoma mapema.

Yafaa tuanzie pwani, kwa maana ndiko wageni wengi waanziako, na wengi huishia huko huko. Kilwa Kisiwani ulikuwa mji mkubwa uliotajirika kwa biashara ya bahari, hasa dhahabu iliyotoka Sofala. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika hapo akausifu mji huo kwa uzuri wake. Sultani wa zama zile, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji na kuupora. Magofu yaliyosalia, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia.

Magofu hayo ni fahari yetu, wala sisemi yasitembelewe. Lakini jiwe la jumba la sultani husimulia zaidi habari za sultani. Mkulima aliyelima bara hatumwoni katika kuta zile. Hata tukivuka maji tukaingia Kilwa Kivinje, uliokuwa bandari kuu ya pembe na watumwa katika karne ya 19, twaona nyumba za wenye mali waliopokea misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Nyayo za walioletwa wakiwa wamefungwa minyororo hazikuandikwa popote. Mji huo huo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwa kuwa alipinga utawala wao. Basi anayetaka kujua watu wa bara walifikiri nini na walitenda nini, hana budi kuipa bahari kisogo na kupanda.

Twende kwanza Umatumbi. Msafiri atokaye Kilwa kuelekea Dar es Salaam huiacha njia kuu penye Njia Nne, akakata kushoto na kuanza kupanda kuelekea Kipatimu. Hapo nchi hubadilika. Tambarare ya pwani hugeuka kuwa migongo ya vilima iliyosongamana, yenye mabonde membamba katikati, miembe na michungwa kandokando ya nyumba, na ukungu wa asubuhi unaokaa mabondeni mpaka jua lipande. Kijiji kimoja chaweza kukiona kingine kwa macho, na bado kufikiana kukawa ni safari ya kushuka na kupanda.

Umbo hilo la nchi lilikuwa na athari katika maisha ya watu. Wamatumbi hawakuwa na mtawala mmoja mkuu. Kila ukoo ulikaa katika kilima chake na kujiongoza wenyewe. Walipokuja Wajerumani na kuweka maakida na majumbe, kisha wakawalazimisha watu kulima pamba chini ya kiboko huku mashamba ya chakula yakiota majani, swali lilikuwa hili: watu waliotengwa na mabonde watawezaje kusimama kama mtu mmoja?

Jibu lilitoka Ngarambe, upande wa Rufiji, mwaka 1904. Kinjikitile Ngwale, ambaye wanafunzi wengi wamjua kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, alisemekana kuingia katika kidimbwi cha maji na kutoka siku ya pili akiwa mkavu, na ujumbe wa mizimu kinywani. Watu walimiminika kwake kutoka kila upande. Waliporudi vilimani walinong'onezana siri ile, mmoja kwa mwingine, kwa njia waliyoiita njwiywila. Twaweza kubishana juu ya nguvu ya dawa ile, kwani risasi hazikugeuka maji. Lisilobishaniwa ni kwamba maji hayo yaliziunganisha koo ambazo hapo kwanza hazikuwa na kiongozi mmoja wala jeshi moja.

Mwishoni mwa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba wakang'oa mashina machache. Kitendo hicho chaonekana kidogo, lakini maana yake ilieleweka na kila mtu: lilikuwa tangazo la vita. Siku chache baadaye wapiganaji walishuka hadi Samanga pwani. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka, nao ukaenea hadi Uluguru, Umbunga, Ungoni na kwingineko. Leo pana mnara wa kumbukumbu hapo Nandete. Mgeni atakayesimama mbele yake na azungushe macho, atazame migongo ile ya vilima, kisha ajiulize ni ujasiri wa namna gani uliohitajika ili kung'oa shina moja la pamba.

Gharama yake ilikuwa kubwa mno. Wajerumani walichoma vijiji na akiba za nafaka, njaa ikaua kuliko bunduki. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba watu walijificha katika mapango ya mawe ya chokaa yaliyo katika nchi hiyo, na pango la Nang'oma ndilo litajwalo sana. Anayeingia pangoni leo kwa taa mkononi na aikumbuke familia iliyoingia bila taa.

Wala mateso ya vilima hivyo hayakuishia hapo. Desemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipambana Kibata, kilima kwa kilima. Askari wengi waliokufa hapo walikuwa Waafrika na Wahindi. Wamo miongoni mwao watu wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo. Walikufa katika ardhi ambayo jina lake hawakuwahi kulisikia, kwa ugomvi usiokuwa wao.

Sasa tuyaache Matumbi, tuelekee kusini, tuuvuke mto Mbwemkuru na kuingia nchi ya Lindi. Kaskazini-magharibi ya mji huo, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, kipo kilima kiitwacho Tendaguru. Kwa macho tu, si kilima cha kumfanya mtu asimame njiani. Lakini mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado havijazimika kabisa, mhandisi wa Kijerumani Bernhard Sattler aliona mfupa mkubwa ukichomoza ardhini. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas alifika akathibitisha kwamba ni mifupa ya dinosaria, wanyama walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba hapo. Wasifiwao vitabuni ni mabwana hao. Lakini mikono iliyochimba ilikuwa ya wenyeji, na idadi yao ilifikia karibu 500. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua kazi ya kufukua na kuhifadhi mifupa kuliko wageni wengi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Msomaji na atie maanani tarehe: mwaka 1909 ni miaka miwili tu baada ya vita. Wengi wa wabebaji wale walikuwa wameiona njaa kwa macho yao. Nchi iliyotoka kuzika watu wake iliamriwa kufukua na kubeba mifupa ya mijusi.

Mwaka 1937 mifupa hiyo iliunganishwa mjini Berlin ikawa kiunzi kizima cha mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, nacho kingali huko katika jumba la makumbusho. Suala la kukirejesha limejadiliwa mara nyingi, na majadiliano ya aina hiyo ni ya haki. Lakini kuna jambo tusilohitaji kuliomba kwa mtu yeyote, nalo ni kuwapeleka watoto wetu Tendaguru penyewe. Mfupa uko Berlin. Kilima kiko Lindi.

Tusiondoke Lindi kabla ya kuyaona maji na msitu. Magharibi ya mji kuna ziwa Rutamba na jirani yake Tandangongoro, na kati yake msitu wa Litipo. Maji yametulia, mianzi na miti imekaribia ukingo, na mvuvi katika mtumbwi wake hukata maji bila haraka. Uzuri huo una historia yake pia. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi walivuka Ruvuma wakikimbia ukatili wa Wareno, na tangu mwaka 1965 Rutamba palikuwa makazi yao. Watu wa mkoa usiokuwa tajiri waligawana ardhi na wageni hao mpaka Msumbiji ilipojipatia uhuru tarehe 25 Juni 1975. Nachingwea, bara zaidi, wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo yao. Hivyo ziwa hili ni ukumbusho wa udugu, ijapokuwa halina mnara.

Kusini yake yainuka nyanda za juu za Rondo, ambazo kilele chake chapita mita 800. Hewa ni baridi kuliko Lindi mjini, na msitu wake ulijulikana kwa mivule mikubwa iliyokatwa sana wakati wa Waingereza. Humo anaishi komba mdogo aliyepewa jina la Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60 tu, nao makazi yake ni misitu michache ya mwambao wa Tanzania. Kila msitu unaokatwa humpunguzia dunia yake. Chini ya nyanda hizo, upande wa Mahiwa, Oktoba 1917 palipiganwa mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki, na askari wa Nigeria walianguka kwa wingi.

Ndugu mwalimu, huenda ukasema: haya yote ni mazuri, lakini fedha ya safari itatoka wapi? Jibu langu ni kwamba safari ninayoisema yaweza kuanza kwa miguu. Chagua kilima kimoja kilicho karibu na shule. Nendeni wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu, na mpite kwanza ofisi ya kijiji ili mpewe mwenyeji. Kila mwanafunzi na awe na daftari. Waulize wazee jina la kilima, maana yake, nani alikaa hapo na kwa nini alihama. Msiondoke na jiwe wala mfupa. Ondokeni na maneno.

Jambo hili limewahi kufanywa nasi tumefaidika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika masimulizi ya wazee walioviona vita vya Majimaji. Lau wangalichelewa miaka 20, wasingalimkuta wa kumwuliza, na majina kama yale ya Nandete pengine tusingaliyajua kabisa. Wazee wale sasa hawapo. Lakini wapo wajukuu wao, na wapo waliowapokea wakimbizi wa Msumbiji, ambao nao umri umewaendea. Zamu ya leo ya kusikiliza ni yetu, nayo haingoji.

Nami, kwa kuwa ushairi ni ugonjwa wangu wa zamani, naomba niwaachie ubeti mmoja:

Si urefu wa mlima, upimwao mizanini,
Ni watu walosimama, bila hofu mioyoni,
Mwanafunzi nenda hima, waulize vijijini,
Lisemwalo likizama, halirudi asilani.