Kabla Nauli Haijafika Kiseke

Vita vya Waarabu na Israel vilipozuka Oktoba 1973, pipa la mafuta ghafi lilikuwa takriban dola 3. Kufikia Januari 1974 lilikaribia dola 12. Tanzania ilinunua mafuta hayo nje na kuyasafisha katika kiwanda cha TIPER, Kigamboni, kwa fedha za kigeni zilizotokana na kahawa, katani na pamba. Pamba nyingi ilitoka huku Usukumani. Kwa hiyo mkulima wa huku, ambaye chombo chake kilikuwa baiskeli tu, naye alikuwa akiilipia petroli ya taifa.

Pigo la pili lilikuja likiwa na mwenzake. Mwishoni mwa 1978 Vita vya Kagera vilianza, na malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kupeleka askari na vifaa. Mwaka uliofuata mapinduzi ya Iran yakapandisha bei upya. Ndiyo miaka ya foleni za petroli na ya Jumapili ambazo, ikishafika saa 8 mchana, gari binafsi lisilo na kibali halikuruhusiwa barabarani. Watu walitembea. Mwenye baiskeli aliheshimika, maana alibeba mgonjwa, gunia na mke kwa zamu.

Dar es Salaam, mabasi ya shirika la umma la UDA yalipozidiwa, abiria walijipandia pikapu za watu binafsi, zile za chai maharage, na polisi wakazikimbiza. Mwaka 1983 serikali ikasalimu amri na kuyaruhusu mabasi binafsi, ndizo daladala. Mimi nalitazama jambo hilo hivi: sheria ilikuja kusajili kile ambacho abiria walikwisha kukiamua.

Bila daladala, na baadaye bodaboda, Kiseke ya leo, hapa Mwanza, isingekuwapo. Mtaa wenye nyumba zilizojengwa na mfuko wa pensheni wa PPF, ulio mbali na maduka ya Makoroboi, unahitaji mtu aweze kwenda mjini na kurudi kila siku bila gari lake. Na petroli ya Mwanza husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo tangazo la EWURA la bei za mafuta la kila mwezi huku husomwa kwa wasiwasi zaidi.

Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000. Mwezi Mei LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikapandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka 400 hadi 500. Kuanzia Juni serikali ikatoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Kijiweni hesabu zilikuwa nyingine. Dereva wa bodaboda anayejaza mafuta ya buku tano huzima injini mteremkoni, na hamfuati mteja mpaka mlangoni bila nyongeza. Abiria naye hushuka barabara kubwa na kumalizia kwa miguu, au hupanda bodaboda moja mshikaki na jirani, kosa la barabarani ambalo kila mtu analijua. Wanaofuata dagaa Mwaloni, Kirumba, huchangia bajaji moja.

Desemba 2023 nauli ile ikawa 600. Ugomvi mkubwa ndani ya daladala ukahamia kwenye chenji: abiria ana noti ya elfu moja, konda anadai hana mia nne.