Siku Kumi na Nne Kabla ya Kutoboa Fuvu

Tukisimulia ukimwi, aghalabu tunasimulia mwili unaokonda, kikohozi kisichoisha na majirani wanaonong'ona. Ubongo tunausahau. Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari, lakini sura hii ya historia inanivuta kwa sababu kiini chake ni swali ambalo hata msomaji wa riwaya analijua: ukweli unautafuta kwa gharama gani?

Taarifa ya kwanza ilitoka Marekani tarehe 5 Juni 1981: vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia ya ajabu. Muda si mrefu wakaanza kuonekana wagonjwa wa aina nyingine. Huyu mkono umelegea, yule anapata degedege, mwingine hamtambui tena mtu anayemlisha. Picha ya CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, ilionyesha madoa ndani ya ubongo. Ila picha huonyesha doa, haisemi doa hilo ni nini. Huenda ni toksoplazima, kimelea kilichoelezwa mwaka 1908 huko Tunis na São Paulo, ambacho hulala mwilini kimya hadi kinga inaposhuka. Huenda ni limfoma, yaani saratani. Huenda ni kifua kikuu kilichopanda kichwani. Kila kimoja kina tiba yake, na muda ni mfupi.

Hapo ndipo biopsi ilipoingia. Kichwa hufungwa fremu ya chuma, kifaa ambacho Spiegel na Wycis walikitumia kwa binadamu Philadelphia mwaka 1947. Mahali pa doa hupigiwa hesabu, fuvu hutobolewa tundu dogo, sindano hushuka na kurudi na kinyama kidogo cha kupimwa kwenye darubini. Faida yake ni jibu. Hasara yake ni damu kuvuja ndani ya ubongo, au sindano kukosa shabaha na kurudi bila jibu lolote.

Halafu, nani anatia sahihi? Mgonjwa mwenyewe akili imevurugika. Kwa mashoga wa Marekani wa miaka ile, mwenza aliyemuuguza usiku na mchana hakuwa ndugu kisheria. Ruhusa ingeweza kuombwa kwa mzazi aliyekuwa hajasema na mwanawe miaka mingi.

Basi madaktari wakageuza mambo: dawa yenyewe iwe kipimo. Mpe mgonjwa tiba ya toksoplazima, subiri. Mwaka 1993 Benjamin Luft na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 49. Walioitikia dawa walikuwa 35. Kati yao, 30 walionyesha nafuu kufikia siku ya 7, na 32 kufikia siku ya 14. Kalenda ikawa sehemu ya uchunguzi. Asiyepata nafuu katika wiki mbili hizo, ndiye wa kufikiriwa kwa sindano. Hata hivyo kuna mtego: dawa za steroidi hupunguza uvimbe wowote, na hata limfoma hunywea kwa muda. Nafuu nayo inaweza kudanganya.

Nikitazama huku kwetu, naona kitu kinachouma kidogo. Tanzania iligundua wagonjwa wake wa kwanza Kagera mwaka 1983. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na fremu wala picha ya CT, na dawa bora zilipokosekana, kotrimoksazoli ilishika nafasi yake. Kutibu kwanza na kutazama baadaye kulikuwa ndiyo njia pekee. Kumbe tajiri na maskini walifika kwenye mlango mmoja! Tofauti ilionekana siku ya 15. Kule, mgonjwa ambaye dawa imemkataa alikuwa na mlango wa pili, chumba cha upasuaji. Huku alirudishwa nyumbani na doa lake likiwa bado halina jina.

Mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi, uliobadilisha mambo kuanzia mwaka 1996, umepunguza sana madoa haya. Lakini wanaochelewa kupima bado wanafika hospitali kinga ikiwa imekwisha, na wiki mbili zile zinaanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kusubiri ni kusubiri tu, namuuliza: baada ya kusubiri, kuna nini?